Inflamesheni ya Ubongo na Namna ya Kujikinga: Ushauri kwa Kaya za Juba

Ubongo huzeeka kama viungo vingine vinavyozeeka, lakini kasi na namna ya kuzeeka kwake hutegemea sana yale yaliyompata mwenye ubongo akiwa bado mtoto au kijana, na katika hayo watafiti wa leo huitaja kwa uzito inflamesheni ya ubongo, yaani hali ambayo seli za kinga zilizomo ndani ya ubongo wenyewe huamka, humwaga kemikali za kupambana na adui, kisha hushindwa kutulia hata adui anapokuwa ameondoka. Seli hizo huitwa mikroglia. Kazi yake ya kila siku ni ya amani: huzoa mabaki ya seli zilizokufa, hukagua maungio ya neva na kuyatengeneza yaliyoharibika. Zikichokozwa mara kwa mara, iwe kwa maambukizi, kwa pigo la kichwa, kwa sukari au shinikizo la damu lisilotibiwa, hubaki katika hali ya kuwaka haraka, na kadiri umri unavyosogea ndivyo kitu kidogo kinavyotosha kuziwasha. Ndiyo maana mzee hupatwa na kuchanganyikiwa kwa homa ambayo kijana huipita kwa kulala siku mbili.

Seli hizohizo zimo pia katika uti wa mgongo, na huko ndiko zinakokutana na habari ya maumivu. Neva ikijeruhiwa, mikroglia za uti wa mgongo huamka na kuzifanya neva jirani zipige kelele kupita kiasi, hivyo kwamba jeraha linapokuwa limepona mtu bado huumia, na wakati mwingine hata kuguswa na nguo humuuma. Maumivu ya namna hiyo, yanayodumu kupita miezi mitatu, hayamaanishi kwamba mgonjwa anajidekeza wala kwamba kuna kidonda ambacho daktari ameshindwa kukiona; mfumo wa neva wenyewe ndio uliobadilika. Uhusiano huo wa umri, kinga na maumivu ndio unaofanya ushauri kwa familia moja umhusu mtoto na bibi yake kwa pamoja.

Sudan Kusini ina sababu ya pekee ya kuufuatilia utafiti huu. Katika maeneo ya Mundri, Mvolo na Maridi, jimbo la Equatoria Magharibi, tangu miaka ya 1990 kumekuwa na watoto waliokuwa wazima, ambao wakifika umri wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano huanza kuinamisha kichwa mara kwa mara bila kukusudia, hasa wanapowekewa chakula au wanapopatwa na baridi, kisha baadhi yao hupata degedege za mwili mzima, hudumaa, na akili huzidi kufifia. Ugonjwa huu wa kusinzia kichwa haukuanzia hapo. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyewatibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, kusini mwa Tanzania, aliueleza miaka ya 1960, na baadaye ukaonekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo. Vipimo vya umeme wa ubongo vimethibitisha kwamba kule kuinamisha kichwa ni degedege, yaani ni aina ya kifafa, na jambo hili peke yake lina thamani kubwa kwa mzazi, kwa kuwa kifafa kina dawa.

Mwaka 2011 wachunguzi kutoka kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, wakishirikiana na serikali ya Sudan Kusini, walilinganisha watoto 38 wenye ugonjwa huo na wengine 38 wasio nao, katika Maridi na kijiji cha Witto. Kila mmoja alinyofolewa kipande cha ngozi kidogo mno, kikalowekwa katika maji na kutazamwa kwa hadubini ili kuona kama vitoto vya minyoo ya usubi vitatoka ngozini na kuogelea. Kwa wagonjwa vilionekana kwa asilimia 76.3, na kwa wasio wagonjwa kwa asilimia 47.4. Usubi, ugonjwa ambao wengi huujua kwa kuwasha ngozi na kupofusha macho kandokando ya mito, huenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Maridi mwaka 2018 na timu iliyomhusisha Profesa Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, ulikuta zaidi ya watu wanne katika kila mia wana kifafa, na vitongoji vilivyo karibu na bwawa la Maridi vilielemewa zaidi ya vingine.

Jinsi minyoo isiyoishi kichwani inavyoweza kuuharibu ubongo ni swali ambalo halijafungwa, na hapo ndipo inflamesheni inapoingia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa wazo kwamba kinga ya mwili, inapomshambulia mnyoo, huishambulia kwa makosa protini ya ubongo inayofanana na ya mnyoo. Tafiti zilizofuata hazikulithibitisha wazo hilo kwa namna moja. Mwaka 2018 kundi jingine lililopima bongo za vijana wa Uganda waliofariki kwa ugonjwa huu liliona ndani yake mabonge ya protini iitwayo tau, ileile inayojikusanya katika bongo za wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, ugonjwa ambao hula kumbukumbu pole pole. Habari hiyo ilishtua, kwa kuwa ilionyesha dalili za uzee katika vichwa vya vijana. Kisha mwaka 2019 uchunguzi mwingine wa bongo za marehemu kutoka Uganda ulikuta kwamba alama iliyotawala haikuwa tau bali inflamesheni na makovu ya seli zinazozizunguka neva, na minyoo yenyewe haikuonekana ndani ya ubongo. Mabishano haya ya wataalamu yasimchoshe msomaji. Pande zote zinakubaliana kwamba madhara hujijenga kwa miaka, na jambo linalojijenga kwa miaka lina nafasi nyingi za kuzuiwa njiani.

Kuzuiwa kwenyewe kumeonekana. Kwenye njia ya kutokea maji ya bwawa la Maridi, mahali maji yanapoporomoka juu ya mawe na kuzivuta nyasi zinazoning'inia, ndipo viluwiluwi vya nzi hawa hujishikiza, na kuanzia mwaka 2019 wanajamii waliofundishwa waliingia hapo na mapanga wakakata na kuziondoa nyasi hizo, kazi ya vijana wachache na zana ambazo kila kijiji kinazo. Idadi ya nzi wanaouma ilishuka sana, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wapya wa kifafa wakapungua katika vitongoji vilivyofuatiliwa. Si rahisi kupata kinga ya ubongo iliyo nafuu kuliko hiyo.

Sehemu ya pili ya kinga hiyo ni dawa ya ivermektini, ambayo wengi huiita Mektizani, inayogawiwa bure na wagawaji wa jamii mara moja au mbili kwa mwaka kulingana na eneo. Kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bila malipo tangu mwaka 1987, na waliogundua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hii huua vitoto vya minyoo lakini haimuui mnyoo mzima, ambaye huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka kumi, na kwa hiyo aliyemeza mwaka mmoja akapumzika mitatu hajajikinga. Kaya nyingi za Juba zina shamba, mji au jamaa huko Maridi, Mundri au Mvolo, na watoto hupelekwa huko likizo. Mzazi anayempeleka mtoto ajue siku za ugawaji na ahakikishe anamezeshwa, isipokuwa watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na mtu aliye mgonjwa sana, ambao hawapewi. Ajue pia kwamba nzi hawa huuma mchana, kwa hiyo chandarua, ambacho ni lazima kwa ajili ya mbu, hakisaidii dhidi yao. Kinachosaidia ni suruali ndefu na mikono mirefu kwa anayefua, anayeoga au anayevua samaki mahali maji yanapokimbia.

Mtoto ambaye tayari ana kifafa, cha kusinzia kichwa au kingine, anahitaji mambo machache yafanywe bila kukosa. La kwanza ni dawa ya kila siku. Degedege zisizodhibitiwa zenyewe huiwasha inflamesheni, na inflamesheni hurahisisha degedege inayofuata, na mzunguko huo hukatwa na kidonge kinachomezwa saa ileile kila siku, hata katika mwezi ambao mtoto hakuanguka hata mara moja. Kuiacha dawa ghafla kwa sababu mtoto amepata nafuu, au kwa sababu safari imeingia na vidonge vimesahaulika nyumbani, huweza kuleta degedege zisizokoma, na hizo huua. Msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kama dawa aliyoandikiwa ni sodiamu valproeti, kwa kuwa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni, na daktari humpatia nyingine inapowezekana. Asiiache mwenyewe kabla ya kuonana naye.

Degedege ikitokea, mgonjwa alazwe ubavu, vitu vigumu na moto viondolewe karibu, kitu laini kiwekwe chini ya kichwa, na saa itazamwe. Asitiwe kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji, asishikwe kwa nguvu. Degedege ikipita dakika tano, au ikifuatwa na nyingine kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi. Hofu ya povu la mdomoni imewafanya watu wengi wamwache mwenye kifafa aungue motoni au azame mtoni huku wakimtazama, na vifo vya moto na maji ndivyo vinavyowamaliza wagonjwa hawa pamoja na degedege zenyewe. Jiko la mkaa lililoinuliwa au kuzungushiwa ukingo, na mtoto kutotumwa peke yake kuchota maji Bahr el Jebel, ni kinga zisizogharimu kitu. Mtoto anayesinzia kichwa wakati wa kula asilishwe kwa haraka, akae wima, na chakula kimsubiri mpaka shambulio lipite, la sivyo hupaliwa au huacha kula na kudhoofika.

Kuhusu maumivu, kosa linaloonekana zaidi mjini ni kuyanunulia dawa kabla ya kuyaulizia sababu. Diklofenaki ya sindano au ya vidonge, inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa na hata kwa wachuuzi wa sokoni, ni dawa halali ya maumivu ya muda mfupi, lakini mzee anayeitumia wiki baada ya wiki kwa ajili ya magoti huweza kutokwa na vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, na shinikizo la damu ni adui wa ubongo kuliko magoti yanavyoweza kuwa. Tramadoli ni hatari zaidi. Dawa hiyo hushusha kizuizi cha degedege, yaani humfanya mtu aanguke kifafa kwa urahisi, na kwa hiyo mwenye kifafa hapaswi kuigusa bila daktari anayeijua hali yake. Vijana wanaoimeza ili wafanye kazi bila kuchoka hupata degedege ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Mwenye kichwa kinachouma karibu kila siku, naye humeza vidonge vya kutuliza maumivu siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, ajue kwamba vidonge vyenyewe huweza kuwa ndivyo vinavyokirudisha kichwa kuuma, na njia ya kutoka ni kuvipunguza kwa msimamizi, si kuongeza nguvu ya kidonge.

Yapo maumivu ya kichwa yasiyosubiri. Kichwa kinachouma pamoja na homa na shingo iliyokakamaa, hasa katika miezi ya kiangazi, huweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na Sudan Kusini imo katika ukanda wa Afrika ambao ugonjwa huo hulipuka mara kwa mara. Kichwa kilicholipuka kwa ghafla kwa maumivu makali kuliko yote ya maisha, kichwa kinachouma pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mdomo kupinda, homa inayoambatana na kupoteza fahamu au degedege, hizi ni safari za Juba Teaching Hospital au hospitali nyingine iliyo karibu, usiku huohuo, bila kwanza kupitia kwa mganga wala kwa muuza dawa.

Mfano mmoja unaokusanya umri, inflamesheni na maumivu mahali pamoja ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hulala katika neva tangu utotoni, na kinga inapolegea, kwa uzee au kwa VVU, huamka na kuteremka kufuata neva moja mpaka ngozini, vikitoa malengelenge upande mmoja wa kifua, mgongo au uso. Malengelenge hukauka kwa wiki chache, lakini kwa wazee wengi maumivu ya kuungua hubaki miezi au miaka, kwa kuwa neva na uti wa mgongo vimebaki katika inflamesheni. Dawa ya asikloviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu malengelenge kutokea, na siku tatu ni chache kwa mtu anayepaka majani kwanza. Malengelenge yakiwa karibu na jicho, hata siku moja ni nyingi. Kijana anayepata mkanda wa jeshi ashauriwe kupima VVU, na ashauriwe kwa upole.

Kwa wazee, utafiti wa karibu zaidi unaofaa kutazamwa ulifanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako miaka ya 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wakazi wenye umri wa miaka 70 na zaidi wakakadiria kwamba 6.4 katika kila mia walikuwa na demensia, yaani upotevu wa kumbukumbu na utambuzi unaomzuia mtu kujihudumia. Kutokana na kazi hiyo kilibuniwa kipimo kinachoweza kutumiwa kwa mzee ambaye hakwenda shule: huulizwa yuko wapi na ni siku gani, husomewa maneno kumi kisha huombwa ayakumbuke, huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na huonyeshwa umbo la njiti za kiberiti alipange upya. Familia haihitaji kumpima mzee wake kwa njiti, lakini inafaa kuona tofauti kati ya mzee aliyesahau alipoweka ufunguo na mzee aliyesahau ufunguo ni wa kazi gani. Huyu wa pili anastahili daktari, na hastahili kuitwa mchawi, lawama ambayo katika nchi nyingi za ukanda huu imewagharimu akina mama wakongwe maisha yao.

Mzee aliyebadilika kwa siku mbili au tatu tu, jana akizungumza vizuri na leo haelewi yuko wapi, mara nyingi hana demensia. Hiyo ni dharura. Malaria, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, ukosefu wa maji mwilini na dawa ndizo sababu za kutafutwa kwanza. Joto la Juba, lililofikia kiasi cha kufungwa kwa shule mwezi Machi 2024 na tena Februari 2025, hukausha maji ya mwili wa mzee kabla hajahisi kiu, hivyo maji apewe kwa saa, asingojewe ayaombe. Dawa zinazoleta usingizi, hata piritoni ya mafua ambayo kila nyumba huiona ndogo, huweza kumvuruga akili mzee, na mfuko wa dawa zake zote uandamane naye anapokwenda hospitali.

Jopo la wataalamu lililochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na likakadiria kwamba kuyarekebisha yote kungeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Hayana uzito sawa kwa mkazi wa Juba. Shinikizo la damu ndilo la kwanza, kwa kuwa halitoi dalili na kulipima ni dakika tano. Aliyefika miaka arobaini apime angalau kila mwaka, na aliyekutwa zaidi ya mara moja na 140 kwa 90 au zaidi aanze matibabu na asiyaache anapojisikia vizuri. Kichwa kilichopigwa ni la pili, na hapo abiria wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu anacheza na ubongo wa uzee wake. Moshi wa mkaa na wa jenereta ndani ya nyumba isiyo na dirisha, araki ya kila siku, na masikio yaliyoanza kuziba bila kuchunguzwa vinafuata, na hili la masikio hudharauliwa ingawa mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumzishwa hulegea.

Katika haya yote, dawa moja inastahili kudaiwa kwa sauti. Fenobabitali imekuwa ikitibu kifafa tangu mwaka 1912, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hakuna sababu ya kitabibu ya kituo cha afya kukaa miezi bila kuwa nayo. Wazazi wenye watoto wa kifafa, iwe Gudele, Munuki, Kator au huko Maridi, wajiandikishe majina kwa wahudumu wa afya wa boma, waulize kila mwezi shehena imefika lini na itaisha lini, na wasikubali kuambiwa warudi wiki ijayo huku vidonge vya nyumbani vikibaki viwili.